Damu ya Mtu Mzima

Pale maabara walimwita Jicho. Miaka kumi na sita alikuwa ameinamia hadubini akihesabu chembe za damu, hata shingo yake ikazoea kupinda. Ukimpa kioo chenye damu iliyopakwa rangi, alikueleza habari za mwenye damu vizuri kuliko jirani wa mtu huyo. Chembe nyeupe zikiwa kati ya elfu nne na elfu kumi na moja katika kile kipimo chao kidogo kuliko tone, aliandika namba na kupita. Zikifika elfu ishirini alisema, "Huyu ana jipu mahali, au kidole tumbo." Zikishuka chini ya elfu mbili aliuliza ni dawa gani mgonjwa anakunywa. Madaktari walimwamini, na yeye mwenyewe, tuseme kweli, alijiamini.

Kwenye chumba cha pili, kwenye karai la zege lenye mabomba mawili, alifanya kazi dada yake. Ndiye aliyeosha chupa, mirija na vioo. Wote walimwita Dada Mkubwa, hata mkuu wa maabara aliyemzidi umri. Mama yao alipofariki, Jicho alikuwa na miaka minne na yeye kumi na minne. Aliacha shule, akamfunga mdogo wake mgongoni, na ndiyo ikawa shule yake. Jicho alipopata kazi, ombi lake la kwanza kwa wakubwa lilikuwa nafasi ya dada. Tangu hapo hapakuwa na kioo kilichofika kwenye hadubini yake bila kupita mikononi mwa dada. Alikuwa na mdomo, Dada Mkubwa. Ukirudisha chupa yenye uchafu uliokauka alikuuliza, "Kwenu hakuna maji, au hakuna mama?"

Jumatatu moja ililetwa mashine mpya ya kuhesabu damu. Fundi aliyekuja nayo aliifungua, akaiwasha, akapangusa jasho.

"Sasa naomba damu ya mtu mzima," alisema, "tuone kama inahesabu sawa."

Watu waliotoboa wenzao kutwa nzima wakaanza kutazama dari. Mmoja alisema hajala, mwingine akasema mishipa yake haionekani. Dada Mkubwa akatoka chumba cha pili, mikono ikichuruzika maji, akajipangusa kwenye aproni.

"Wanaume wazima mnaogopa sindano! Toeni yangu. Mimi ni mzima kama kigongo."

Jicho ndiye aliyemtoa damu. Alipomfunga mpira mkononi aliona madoa ya zambarau juu ya kiwiko, matatu, makubwa kama vifuniko vya soda.

"Umefanyaje hapa?"

"Nimejigonga kwenye karai. Fanya kazi yako."

Mashine ikanguruma, ikatema karatasi. Chembe nyeupe: laki moja na elfu arobaini na mbili. Watu wakaangua kicheko. Fundi, uso umemshuka, akaizima, akaisafisha, akarudia. Laki moja na elfu arobaini na moja.

"Mashine yenyewe imemwogopa Dada Mkubwa," mtu akasema, na kicheko kikaongezeka. Dada naye alicheka, akarudi kwenye chupa zake.

"Jaribu yangu," Jicho akamwambia fundi.

Damu yake ilisoma elfu sita na mia mbili. Hapo kicheko kikakatika, kama mtu amefunga bomba.

Jicho alichukua kioo safi, akadondosha tone la damu ya dada yake, akalitandaza kwa ukingo wa kioo kingine kama alivyofanya mara elfu nyingi. Akasubiri likauke. Akalipaka rangi, akalisuuza, akaweka tone la mafuta, akainama. Hakuhitaji dakika nzima. Uwanja wote aliouona ndani ya hadubini ulijaa chembe kubwa za zambarau, kiini kimejaa hadi ukingoni, chembe changa ambazo hazikutakiwa kabisa kuonekana nje ya uboho wa mfupa. Aliwahi kuziona kwa watoto wa wodini, na kwa dereva mmoja aliyeletwa akiwa na homa. Alihesabu mia moja ingawa hapakuwa na haja. Themanini na nane zilikuwa hizo. Alihesabu mia nyingine, kama mtu anayetumaini kwamba jicho lake limezeeka.

Halafu yakaanza kumjia yote. Mwezi uliopita dada alitema damu akipiga mswaki, akasema mswaki mgumu. Alipata homa mara mbili. Jicho alimpima malaria, hakuwa nayo, akampa vidonge vya kutuliza homa. Dada alipumzika katikati ya ngazi, yeye aliyekuwa akipanda na ndoo mbili, na mdogo wake akamtania, "Uzee huo, Dada." Jicho alikuwa amehesabu damu za watu asiowajua, wafungwa, wapita njia. Ya mtu aliyemlea hakuihesabu hata siku moja. Mganga hajigangi, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba na walio karibu naye huachwa.

Alimkuta karaini. Akasimama mlangoni.

"Nimekulea mimi," dada alisema bila kugeuka. "Ukinyamaza hivyo najua umevunja kitu."

"Sijavunja kitu, Dada. Ile mashine haikukosea."

Dada akafunga bomba. "Si huwa unasema hizo nyeupe ndizo askari wa mwili? Nyingi si ndiyo vizuri?"

"Nyingi kiasi, ndiyo. Zako ni changa. Hazijui kupigana na ugonjwa, zinajaza nafasi tu. Zile nzuri zimekosa pa kukaa, na zile za kugandisha damu pia. Ndiyo sababu ya madoa hayo."

"Kwa hiyo nina jeshi la watoto."

"Ndiyo, Dada."

Alitazama mikono yake iliyokunjamana kwa maji. "Nimekulea wewe, nikalea binti yangu. Sasa unaniambia nimepata wengine laki moja na ushee?" Akacheka kidogo. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na Jicho akapiga magoti sakafuni penye maji, akamkumbatia miguu, na ndiye aliyelia kwanza.

Daktari wa saratani hakuwaficha. Ugonjwa ulikuwa saratani ya damu, ile ya haraka. Dawa ingefagia chembe changa, lakini ufagio huo haukuchagua, ungeondoa na zile nzuri. Kwa wiki mbili, pengine tatu, mwili ungebaki bila mlinzi, na kijidudu cha kawaida cha kooni au cha ngozi kingeweza kumuua. Mgonjwa akivuka hapo, chembe njema huanza kuota upya.

Dada Mkubwa alilazwa kwenye chumba cha peke yake. Kila asubuhi mrija wa damu yake ulishuka maabara, Jicho akaupima mwenyewe, kisha akapanda, akanawa mpaka kwenye viwiko, akafunga barakoa na kusimama mbali na kitanda.

"Leo wangapi?" dada aliuliza.

"Elfu tisini."

Halafu arobaini. Halafu kumi na mbili. Siku zilipofika elfu sita, namba ya mtu mzima kabisa, binti yake alipiga vigelegele koridoni. Jicho hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba namba itapita hapo kama gari lisilo na breki. Ikapita. Elfu moja. Mia nne. Mia mbili. Yeye aliyeomba kwa siku kumi chembe zishuke, sasa aliomba zipande.

Siku ya kumi na saba homa ilikuja. Walibadilisha dawa za kuua vijidudu mara mbili. Jicho alipopanda asubuhi iliyofuata, dada alikuwa anapumua kwa haraka, midomo imekauka, lakini alimjua.

"Wangapi?"

"Mia tisa," alisema. Zilikuwa mia mbili. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwa amewahi kudanganya namba.

Dada akamtazama. "Hujui kusema uongo," alisema polepole. "Tangu mdogo, masikio yako yanakuponza."

Alifariki saa nne asubuhi siku mbili baadaye. Jicho alikuwa kwenye hadubini na kioo chake cha siku hiyo. Kwenye ukingo wa damu alikuwa ameona chembe mbili zilizokomaa, nzuri, zenye kiini kilichogawanyika kama inavyotakiwa, za kwanza tangu dawa ianze, na alikuwa anainuka kwenda kumwambia. Muuguzi akasimama mlangoni, akavua kofia yake.

Baada ya maziko, binti wa marehemu alimfuata mahali alipokuwa ameketi peke yake.

"Mjomba, ungempima tangu zile homa, angepona?"

Angeweza kusema hapana. Madaktari walishamwambia ugonjwa wa namna ile ungeweza kumshinda hata kama angewahi.

"Sijui," alisema. "Labda angeingia kwenye dawa akiwa na nguvu zaidi. Labda ingekuwa vilevile. Lakini ilikuwa kazi yangu kujua, na sikumwangalia."

Binti akakunja kitambaa alichoshika, akaondoka. Ilipita miezi minne kabla binti hajapokea simu ya mjomba wake. Siku alipoipokea alizungumza habari za mvua na za paa lake linalovuja, na Jicho akasikiliza kila neno, akauliza linavuja upande gani, akaahidi kufika Jumamosi na bati.