Flan ya Mama Georgette

Apolline hakuwa mwanamke wa kuambiwa jambo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amekwisha kukataa. Basi mwaka ule wa 1955, huko Kadutu mjini Bukavu, mume alimwambia lake, mama mkwe akamwambia lake, na yote yalihusu kikombe cha mayai na maziwa.

Mumewe Léopold, karani, aliitamani karte, kadi ile ambayo wazungu waliwapa Waafrika waliowaona wameendelea. Kabla ya kukupa walikuja wakaguzi nyumbani: wanafunua kitanda, wanachungulia choo, wanatazama kama mke anajua kupika na kama anakaa mezani na mumewe. Upuuzi mtupu, lakini Léopold alikuwa hapati usingizi.

"Mama Georgette," akambembeleza, kwa jina la binti yao mdogo, "utawapikia ile flan mulijifunza kwa Madamu. Usiniangushe."

Flan, kitamutamu cha mayai, maziwa na sukari kinachogandishwa kwa mvuke, Apolline aliijua. Kila Alhamisi wanawake wa mtaa waliikoroga katika darasa la upishi la huyo Madamu, bibi mmoja wa Kizungu, kisha ikaingia katika oveni ya bibi, kisha ikaingia matumboni mwa wageni wa bibi. Wapishi walirudi makwao na harufu kwenye vitenge. Nyumbani nako, mayai ya kuku aliowafuga Apolline mwenyewe yalikuwa ya Léopold na rafiki zake. Katika ukoo wao, kule Nyantende, mwanamke hali mayai. Ukiuliza kwa nini, umekosa adabu. Apolline alifuga kuku tangu utoto, na ladha ya yai hakuijua. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Akaapa moyoni: flan hii ataila, tena bila kujificha.

Oveni hakuwa nayo. Alikuwa na mbabula, jiko la makaa lenye mguu mmoja uliolegea. Mara ya kwanza aliyaacha maji yachemke kwa fujo. Flan ikatoboka matundu na kuvuja maji. Mama mkwe wake Bibiane, aliyekuja kumtembelea mwanawe, alicheka mpaka akakaa chini. Apolline akameza hasira, akaanza upya. Safari hii alitandika vipande vya mgomba ndani ya sufuria, akapanga vikombe vya bati juu yake, akamimina maji yafike nusu ya vikombe, akafunika kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni ili matone ya mvuke yasidondokee ndani. Makaa akayapunguza nguvu kwa majivu. Maji yakawa yanatetemeka tu. Alipotikisa kikombe, pembeni palikuwa pameshika, katikati pakacheza kidogo.

"Umekubali sasa," akaiambia flan, akaitoa ipoe.

Wakaguzi walikuja Jumamosi: mzungu mmoja mwenye miwani, pamoja na yule yule bibi wa darasa la upishi. Walichungulia walikochungulia, kisha wakala. Bibi akafumba macho kwa raha, akasifu, akamsogezea Apolline kikombe kilichobaki.

"Wewe kula sasa. Sisi napenda kuangalia."

Léopold akatabasamu, jasho linamtoka. Bibiane, aliyesimama mlangoni, akashika mdomo. Apolline alikitazama kikombe, mate yakamjaa. Alivyoisubiri saa hii! Lakini kuangaliwa akila, kama mbuzi sokoni anayefunuliwa meno? Akakisukuma kikombe.

"Hapana, Madamu. Humu ni kwangu. Nitakula saa nitapenda."

Bibi akawa mwekundu. Mwenye miwani akasimama, na wakaondoka bila hata kuaga vizuri.

"Umeniua, mama Georgette!" Léopold akalia. "Karte imeenda!" Akachukua kofia yake, akatoka kwenda kuizungusha hasira mtaani.

Bibiane, yeye, alipiga makofi. "Leo nimejua uko mutoto wetu kabisa! Umekatala mayayi mbele ya wazungu!"

"Hapana mayayi nilikatala, mama. Nilikatala kuangaliwa."

Akachukua kikombe chake, akaketi kizingitini, njia nzima ikimwona, akachota. Ilikuwa laini, tamu, imepoa vizuri. Kumbe hiki ndicho walichomnyima miaka yote! Machozi yakamtoka, ya raha na ya hasira pamoja, wala hakuyafuta.

Bibiane alimsimamia kichwani, akamwita majina yote aliyoyajua. Apolline akazidi kuchota. Mwishowe mama mkwe akashusha sauti.

"Kula basi, wewe umekwisha kuharibika. Lakini usimupatie mutoto mwanamuke. Nakuomba."

Apolline aliacha nusu ya kikombe, akalamba kijiko pande zote. Kisha akapaza sauti, isikike mpaka kwa majirani wa chini ya kilima:

"Georgette! Kuya na kijiko yako!"