Gari Lililokufa Bila Kuumwa

Gari langu lilikufa bila kuumwa.

Halikukohoa, halikutetemeka, halikuwasha taa hata moja. Lilikuwa linapanda mlima, mama yangu amekaa kiti cha mbele, mara moshi mweupe, kisha kimya.

Wiki iliyofuata nilimkaba dalali aliyeniuzia, mbele ya wateja wake, nikamwambia ameniuzia jeneza lenye magurudumu. Yule bwana hakuwa na kosa lolote. Hilo nilikuja kulijua nimeshamchania shati.

Kaa kitako nikusimulie. Na kama una hasira za karibu kama mimi, sogea kabisa.

Mimi ni kinyozi. Nina kibanda cha viti viwili na kioo kimoja chenye ufa, na nina mdomo. Wateja wangu husema wembe wangu ni mpole kuliko ulimi wangu. Wao wanacheka, mimi nacheka, kazi inaendelea.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama.

Mama alifua mashuka ya nyumba ya wageni karibu maisha yake yote, mpaka figo zikamgomea. Daktari akasema lazima awe anasafishwa damu kwa mashine, kila wiki, bila kukosa. Na hospitali yenye mashine iko upande wa pili wa mji.

Tulianza na basi. Kwenda, sawa. Kurudi, mama hana nguvu hata ya kushika pochi yake. Siku moja miguu ikamwishia mlangoni, akaanguka, kondakta akasema, "Bibi, kama umelewa si ungebaki nyumbani?"

Maneno niliyompa kondakta yule siwezi kuyaandika hapa. Kesho yake nikaanza kutafuta gari.

Akiba yangu yote ilitosha kigari kimoja. Kidogo, kifupi, nyuma kimekatwa kama mkate, rangi yake zamani ilikuwa nyekundu. Kilishatumika nchi za watu, kikatumiwa na mwalimu, kisha na mke wa mwalimu aliyekuwa anajifunza kuendesha. Dalali alikizunguka akikipigapiga mgongo kama anauza ng'ombe.

"Bosi, injini hii haijawahi kufunguliwa. Mafuta yenyewe inanusa tu."

Akazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi zikawaka, kisha zikazimika moja moja.

"Umeona? Gari zima hilo. Sasa sikiliza. Hili halina mshale wa joto, lina hiki kitaa chekundu. Kikiwaka uko barabarani, simama hapohapo. Usibishane nacho."

Kumbuka hayo maneno. Dalali wa watu alisema kweli, na ushahidi ninao.

Mama alipokiona kigari aliweka mkono mdomoni, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Mwanangu, si kibiriti hiki! Tutaingia wote wawili kweli?"

Jina likabaki hilo. Kibiriti.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Mama anashusha kioo, anawapungia majirani kama mgombea wa uchaguzi. Akitoka kwenye mashine amechoka, nalaza kiti, analala mpaka nyumbani. Hakuna wa kumwita mlevi. Nilimwangalia nikasema moyoni, leo na mimi ni mtoto wa mtu.

Halafu kitaa chekundu kikaanza.

Mara ya kwanza kiliwaka tukiwa tunarudi kutoka hospitali. Nikasimama, nikampigia fundi wa mtaani kwetu, tunamwita Spana. Ni mtu wa maneno machache, mikono myeusi, na ndevu zake namnyoa mimi. Akafungua boneti, akachungulia.

"Rejeta inavuja. Maji ya kupoza injini yanatoka."

Akaiziba. Kikawaka tena. Akaiziba tena. Mara ya tatu akasimama anajifuta mikono, akasema polepole, "Hii imeshazeeka. Nunua nyingine."

Mimi nikalipuka.

"Wewe ndiye unaitoboa! Unaitoboa ili nirudi! Unafikiri sikujui?"

Spana aliangalia chini, akaokota spana yake, akaendelea na gari jingine.

Njiani nilikuwa bado nachemka kuliko hata injini. Nikapiga usukani kwa ngumi.

"Mama, naapa. Kitaa hiki kikiwaka tena, kigari hiki nakipeleka kwa watu wa vyuma chakavu. Nimechoka! Hospitali tutajua mbele ya safari."

Mama aligeukia dirishani, akaanza kukunjakunja pindo la gauni lake.

Na kweli, kitaa hakikuwaka tena.

Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nikajisifu kibandani kwangu, "Jamani, mpaka magari yananiogopa." Wateja walicheka sana siku hiyo.

Sasa kuna jambo la kujua kuhusu wagonjwa wa figo. Maji kwao ni kama sumu. Wanapimiwa ya kunywa, kichupa kidogo kwa siku, maana mwili hauwezi kuyatoa. Kiu inawatesa kuliko ugonjwa wenyewe, na wengine huiba maji kama watoto wanavyoiba sukari.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida. Nikamkuta mama anaingia mlango wa uani, anahema, ameshika jagi letu la bluu. Jagi tupu. Kifua cha gauni kimelowa.

Damu ikanipanda kichwani.

"Mama! Unakunywa maji kwa siri? Jagi zima? Unataka kufa?"

Alisimama pale mlangoni, ananitazama. Nilimwona anafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Nisamehe, mwanangu. Kiu imenishinda."

Nilimsema mama yangu asubuhi ile kama ninavyomsema mteja aliyekimbia bila kulipa. Kwamba nahangaika kwa ajili yake. Kwamba nimenunua gari kwa ajili yake. Kwamba yeye anaibomoa kazi yangu kwa jagi. Yeye alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo."

Nikalichukua lile jagi, nikalitupa ndani ya gari kule nyuma. Nikaenda dukani, nikarudi na kufuli, nikafunga bomba la uani. Jikoni nako nikafunga, ufunguo mfukoni. Nikamwachia kichupa chake cha siku juu ya meza, na chakula pembeni.

Niliendesha kwenda kazini nikijiona mtoto bora wa mtaa mzima.

Siku ya mashine ilipofika tulikwenda, tukarudishwa. Mashine zimeharibika, mafundi wanashughulika. Muuguzi akanivuta pembeni. "Zamu ijayo asikose hata iweje. Moyo wake hauna nguvu ya kusubiri mara mbili."

Nikasema hatakosa, gari tunalo.

Zamu ilipofika mama alikuwa amelegea. Nilimbeba mpaka kwenye kiti. Nikafunga mkanda, nikawasha, na yeye akanishika mkono uliokuwa kwenye gia.

"Mwanangu, tumpitie Spana kwanza. Aangalie maji ya gari."

"Mama, kitaa kimewaka?"

Akakiangalia kile kitaa, akaniangalia mimi.

"Hakijawaka," nikajijibu mwenyewe. "Basi. Tunachelewa."

Akaachia mkono wangu.

Kwenye mlima wa kuelekea hospitali Kibiriti kikaanza kuvuta miguu. Nikakanyaga mafuta. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, na mimi macho kwenye dashibodi, dashibodi safi kabisa, hakuna hata kinachomemeta. Nikasema ni lori la mbele linalonuka. Nikakanyaga tena.

Ndipo moshi ukapasuka chini ya boneti, na injini ikakatika kama uzi.

Jua lilikuwa kali. Dereva mmoja wa pikapu ya magodoro akasimama, akakimbilia boneti, akaruka nyuma kwa mvuke.

"Kaka, humu hakuna hata tone! Una chombo cha maji?"

Nikafungua nyuma, nikatoa jagi la bluu.

Nilipopita nalo dirishani kwa mama, aliliona. Machozi yakamtoka. Akasema, "Ni mimi, mwanangu. Ni mimi."

Nilidhani anajilaumu kwa kuumwa. Nikamwambia, "Mama, nyamaza, usichoke." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa anayasikia.

Injini haikuwaka. Tulimpandisha mama kwenye pikapu, nikamlaza juu ya magodoro, nikamkinga jua kwa shati langu. Tulipofika getini mwa hospitali, mkono wake ulikuwa umeshalegea ndani ya wangu. Madaktari walihangaika naye, siwadai kitu. Moyo ulikuwa umesimama.

Yule muuguzi alinikuta nimekaa sakafuni kwenye korido. Nilikuwa nataka mtu wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni marehemu.

Nikamwambia, "Alikuwa anakunywa maji kwa siri. Majagi. Nilimkataza."

Muuguzi akachuchumaa mbele yangu.

"Nani? Mama yako? Hapana. Hapa kila mgonjwa akifika tunampandisha kwenye mizani, maji aliyoyaiba tunayaona palepale. Mama yako hajawahi kuzidisha, ndiye tuliyekuwa tunamtolea mfano kwa wenzake. Hata siku ile tuliyowarudisha nilimpima. Alikuwa sawasawa."

Sikumwelewa. Nilimwambia nililiona jagi kwa macho yangu, likiwa tupu.

"Basi maji hayo," akasema, "hayakwenda tumboni mwake."

Tulizika. Watu walikula, wakalia, wakaondoka. Dada yangu, aliyeolewa mbali, alirudi kwake na mimi nikabaki na nyumba iliyofungwa makufuli.

Hasira zikarudi, maana huzuni sikujua kuishika. Nikamwendea dalali, na hayo ya shati umeshayasikia. Alichosema huku nimemkaba ni hiki tu, "Kitaa kilikuwa kinawaka! Siku ya kununua ulikiona! Kinyozi, ulikiona!"

Na ni kweli. Nilikiona. Kiliwaka siku ya kununua, kikawaka mara tatu barabarani. Nikamwachia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Spana, maana Kibiriti kilivutwa na kutupwa pale gereji kwake. Nikamwambia, "Fungua dashibodi. Nataka kuona kitaa kilikufaje."

Alisita. Kisha akachukua bisibisi, akafungua taratibu, akanigeuzia.

Nyuma ya kitaa chekundu palikuwa pamebandikwa utepe mweusi. Umebandikwa vizuri, kwa utulivu, na mtu anayejua kazi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Nilinyanyua mkono. Hakukwepa.

"Nipige ukitaka," akasema. "Lakini sikiliza kwanza. Baada ya siku ile uliyonitukana, mama yako alikuja hapa kwa miguu. Peke yake, anapumzika kila nguzo. Akaniambia, 'Spana mwanangu, kizime hiki kitaa. Kijana wangu akikiona kinawaka atauza gari, na mimi siwezi tena kurudi kwenye basi. Nionyeshe tu cha kufanya.' Nilimkatalia. Akakaa pale juu ya tairi, akagoma kuondoka."

Nikalitazama lile tairi.

"Nikamwonyesha kufungua boneti, na kifuniko cha rejeta, asubuhi injini ikiwa baridi. Ajaze mpaka juu. Nikamwambia, mama, ukikosa siku kadhaa, injini inakufa na hakuna taa ya kuwaambia. Akasema hatakosa."

Na hakukosa.

Kila asubuhi, mama yangu mwenye kiu ya kufa mtu alishika jagi lililojaa maji, akayamimina yote kwenye gari. Hakunywa hata funda. Mizani ya hospitali ilikuwa shahidi.

Hakukosa mpaka asubuhi niliyofunga bomba.

Nilikaa juu ya lile tairi. Niliomba ardhi ipasuke, haikupasuka, haina haraka na mtu.

Baadaye nikamuuliza, "Spana. Wewe tunaonana kila wiki. Ndevu zako nanyoa mimi. Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nikuambie wewe?"

Akarudi kazini kwake.

Kibiriti nilikiuza kwa watu wa vyuma chakavu, kama nilivyoapa. Jagi limebaki juu ya meza. Nikipata kiu usiku naamka, naliona, narudi kulala bila kunywa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimelitafakari sana neno hilo, nikaona limeacha mtu mmoja nje. Limemsema anayeficha tu. Aliyemfanya afiche halikumgusa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ukinunua gari kuukuu, kagua rejeta, kagua maji kila asubuhi mwenyewe, usimwachie mtu. Hayo ni ya gari.

Ya nyumbani ni haya. Ukiona watu wako hawakuletei tena habari mbaya, kila ukiuliza wanasema salama, kila ukifoka wanasema ndiyo, usishukuru. Usijisifu kwamba mambo yametulia. Kaa nao chini, ongea taratibu, uwaulize ni kitu gani wanaogopa kukuambia.

Mimi nilikuwa na mama aliyekufa huku akiniambia ni yeye, na nikamwambia anyamaze.