Marehemu Anayeandika Barua Pepe

Saa mbili asubuhi, chumba cha walimu kimejaa. Vikombe vinagongana, umbea umepamba moto, mpaka simu ya mwalimu wa hesabu inapolia. Anasoma, kisha anaisukuma mbali kama imemuunguza.

"Ameandika tena," anasema.

Kila jicho linamgeukia fundi kompyuta wa shule, mama mwenye miwani wanayemwita Mama Nywila kwa jinsi anavyowasumbua watu wabadilishe maneno yao ya siri.

Aliyeandika ni mwalimu wa jiografia. Alizikwa mwaka jana.

Shuleni hapa, mtu akifariki anwani yake ya barua pepe haifutwi. Utaratibu huo aliuanzisha Mama Nywila mwenyewe, kwa heshima. "Niliona kumfuta ni kama kumzika mara ya pili," anasema. "Kumbe nimeacha mlango wazi, na mtu kaingia. Nimebadilisha neno la siri mara tatu, bado anapita."

Aliyeingia, popote alipo, amesoma barua za miaka yote. Anajua kila mtoto anataniwa kwa jina gani. Anajua marehemu alivyopenda kuanza: "Haya wanangu, mpo?" Wiki iliyopita aliwaomba wanafunzi picha za nyumba zao. Wapo waliotuma.

Mkuu wa shule amechoka. Anataka seva ya shule, lile dude linalounguruma kabatini, lizimwe, barua zihamie kwa kampuni yenye kichujio cha barua taka. Mama Nywila amejaribu huduma tatu. Mbili zinanasa vizuri matangazo ya dawa za upara, lakini barua za marehemu zinapita kifua mbele.

"Kwao ni mtu wa ndani, anwani yake halali," anaeleza. "Hii ya tatu inauliza pia mtu kaingilia wapi. Hiyo ndiyo inayomzuia."

Amechagua ya tatu. Ila siku ya kuhama, sanduku la marehemu litafungwa: za zamani zitasomeka, mpya haitatoka.

Habari zikafika maktaba. Mkutubi, mjane wa marehemu, akaja ofisini kwa Mama Nywila, akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, usimfunge."

"Mdogo wangu, yule si mumeo. Ni mwizi."

"Najua." Mkutubi akatazama vidole vyake. "Lakini kila mchana ananiuliza kama nimekula. Wewe uliniuliza lini?"

Mama Nywila akavuta kiti cha pili.

"Haya, umekula?"

"Bado."

Wakagawana chakula cha Mama Nywila pale pale, juu ya nyaya.

Mchana wa leo Mama Nywila anafungua kizuizi cha majaribio, mahali kichujio kinapoweka barua kilizozishuku. Ipo moja tu. Imeandikwa kwake: "Mama Nywila, mbona unanifungia nje na mvua hii?"

Anageukia dirisha. Matone ya kwanza yanapiga kioo.

"Anasoma barua zetu za kuhama, si ajabu," anasema, akipangusa miwani isiyo na vumbi. "Hiyo mvua sasa, usiniulize."

Wanahama Ijumaa. Mkutubi amekubali, kwa sharti kwamba kitufe cha kumfunga mumewe abonyeze yeye.

"Natumaini atabonyeza," anasema Mama Nywila. "Nitakaa naye bega kwa bega. Nikimwacha peke yake na ile skrini, atamjibu."