Bei ya Gurudumu Kubwa

Kila mwaka bonasi ya majani ikikaribia, mimi huapa mbele ya mume wangu kwamba safari hii watoto hawaendi popote. Kisha tunaenda. Hawa wenye bustani za michezo wanatujua sisi watu wa majani chai kuliko tunavyojijua wenyewe. Wanajua pesa inaingia lini, na mwezi mmoja kabla yake wanapaka rangi geti na kupandisha kiingilio. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa maisha yamepanda. Kama kwamba maisha yamepanda kwao peke yao.

Nilikulia Kiptere, katika nyumba ya mabati ambayo majani yalifika mpaka karibu na mlango wa jikoni. Siku zile hakukuwa na bustani ya michezo. Kulikuwa na maonyesho ya wakulima pale Kericho, na nyuma ya mabanda ya ng'ombe, wenye malori walikuja na bembea zao na gurudumu moja kubwa la chuma, rangi nyekundu imeliwa na kutu, linazungushwa na injini iliyokohoa moshi mweusi. Mama alituvalisha nguo za kanisani. Alibeba mahindi ya kuchemsha, ndizi, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulala yenye mkaa, na getini hakuna aliyetufungulia kikapu kutazama tumebeba nini. Watoto wafupi waliingia bure, kwa hiyo kaka yangu aliingia amekunja magoti ndani ya suruali ndefu mpaka alipofikisha umri wa kunyoa ndevu. Mlinzi alimwona, akacheka, akampitisha.

Tiketi ya gurudumu ilikuwa bei ya mahindi ya gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia sokoni. Si kwamba ilikuwa rahisi, kwa sababu gorogoro ni chakula, lakini mtu aliweza kuifikiria bila kushika kichwa. Baba alitupandisha sisi watoto kwanza, wawili wawili. Halafu mwaka mmoja, bila kumwambia mtu, alinunua mbili zaidi akamshika Mama mkono. Baba yangu alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, mzee wa kanisa. Hatukuwahi kumwona amemshika Mama mkono mbele za watu. Tulisimama pale chini na mahindi yetu mdomoni, tukawatazama wanavyopanda mpaka wakawa wadogo. Waliposhuka, Mama alikuwa anatetemeka miguu na anacheka, na nilimwonea wivu Baba kwa kumchekesha hivyo. Nimezipenda siku zile kuliko siku nyingine zozote za maisha yangu, na sioni haya kusema.

Baba alitutoka. Lile gurudumu jekundu nalo lilikuja likaacha kuja. Mama alibaki na majani yake, akichuma mwenyewe mpaka vidole vikawa vyeusi, na tukamwona polepole anaanza kukosea. Anachuma jani gumu anaacha laini. Anamsalimia mtu wa barabarani kwa jina la mwingine. Tulipompeleka hospitali, daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu kilichobaki.

Siku moja tulikuwa tunachagua maharagwe, yeye anachagua kwa vidole, mimi kwa macho. Akaniambia, "Unakumbuka siku ile baba yenu alinipandisha gurudumu?"

Nikamwambia nakumbuka vizuri sana.

"Mimi sikuona kitu. Nilifumba macho toka chini mpaka chini. Yeye alikuwa anataja, ule ni msitu, ile ni barabara ya Kapsoit, na mimi naitika tu ndiyo, ndiyo, nimefumba." Akatupa jiwe moja nje ya sinia. "Nataka kupanda tena, niyafungue. Kabla hayajafungwa."

Basi mwaka huo sikuapa. Nilikuwa wa kwanza kusema twende.

Bustani tuliyoenda iko upande wa Londiani, kule juu kwenye baridi na viazi. Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa. Mume wangu ni mtu wa upande wa ziwa, mtoto wa fundi wa mashine aliyekuja kufanya kazi kiwandani. Watu wake na watu wangu wanabishana kuhusu mambo mengi, kuanzia samaki mpaka siasa, lakini kuna moja wanakubaliana kabisa. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai kiti kimoja. Wakiwa na neno, linapitia kwangu au kwa watoto. Si chuki. Ni heshima, na kwa wale wawili heshima hiyo ilikuwa kubwa mno. Ndani ya gari Mama alikaa nyuma kabisa ya dereva, na mume wangu alikigeuza kile kioo cha ndani kikaangalia dari, asije akakutana na uso wake. Kutoka Kapsoit mpaka Londiani mimi ndiye niliyekuwa kioo. Nilikuwa nageuka kila mara namwambia kuna lori nyuma.

Getini nikasoma bei, nikaisoma tena. Kiingilio peke yake. Halafu bangili ya karatasi ya mkononi, ambayo bila hiyo unaingia kutazama wenzako wakicheza. Halafu gari lako nalo linalipa kwa kusimama. Chakula cha kutoka nyumbani ni marufuku, kwa hiyo mayai yangu ya kuchemsha na chapati zikarudi kwenye buti, tukanunue ndani chips za bei ya kuku. Kwa bangili moja ya mtu mzima ningenunua karibu debe zima la mahindi. Nilisema hayo kwa sauti. Msichana wa dirishani hata hakuinua macho, nadhani aliyasikia siku nzima.

Kulikuwa na bei ya familia, wakubwa wawili na watoto wawili, ambayo ilikuwa na nafuu kidogo. Tukachukua hiyo, ya Mama na mimi na watoto, na mume wangu tukamlipia kiingilio kitupu. Yeye hizo mashine za kuzungusha hazipendi. Hesabu ilikuwa imekaa sawa.

Kosa lilitokea kwenye foleni. Walikuwa wameweka vyuma viwili vya kuwapitisha watu mmoja mmoja, kama vile vya kupitishia ng'ombe kwenye josho, na watu nyuma walikuwa wanasukuma. Mume wangu alipoona atabanwa mgongoni mwa mama mkwe wake, alishtuka kama mtu aliyeona nyoka. Akawashika watoto mikono, akawapita watu wote, akaingia mbele. Mtu wa bangili akaona mwanamume na watoto wawili, tiketi ya familia, akawafunga wote watatu. Mimi na Mama tulipofika, ilikuwa imebaki moja.

"Hiyo ya mzee wangu ifungueni mnifunge mimi," nikamwambia.

"Ikishafungwa haifunguliwi, mama. Ukiikata imekufa."

Nilibishana naye mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Kununua nyingine peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya ile ya familia nzima. Nikamfunga Mama ile moja nikasema potelea mbali, nitamwomba mwenye gurudumu ampandishe peke yake.

Watoto walicheza. Waliruka, wakateleza, wakagongana kwenye vigari vya umeme, na nakubali walifurahi, ijapokuwa mdogo alisema kilichomfurahisha zaidi ni bomba la maji la kunawia mikono. Tulipofika kwenye gurudumu, jua lilikuwa bado liko. Ni gurudumu jeupe, refu mara mbili ya lile la Kericho, halikohoi, halitoi moshi. Mama aliinua uso akalitafuta. Aliona kitu cheupe kinachotembea, ndivyo alivyosema.

Kijana wa lile gurudumu akakataa. Mtu mmoja hapandi peke yake, hasa mzee. Nikasema sawa, nakimbia dirishani nanunua bangili, liwalo na liwe. Akanionyesha upande wa msitu. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka, ule wa Londiani usiobisha hodi. "Hii ndiyo raundi ya mwisho," akasema. "Ukifika hapa tunafunga. Huyu baba mwenye bangili si apande naye?"

Mume wangu alikuwa amesimama kando na jaketi za watoto. Alirudi nyuma hatua nzima. Nikaona haya kwa ajili yake, na hasira kwa ajili yangu, na kwa Mama nikasikia uchungu tu. Tumetoka kwetu alfajiri, tumelipa kila kilicholipwa, tumekula ng'ombe mzima na sasa tumeshindwa na mkia. Nikajua pia ile safari ya mwaka ujao, hata tukilipa dhahabu, huenda ikamkuta haoni tena.

Mama akavua kitambaa cha kichwa akakifunga upya, kwa nguvu. "Mwambie baba watoto aje," akasema.

"Mama, na heshima?"

"Heshima tutaiweka katikati."

Akachukua kikapu chake, akapanda, akakiweka katikati ya kiti. Mume wangu alinitazama kama mtu anayepelekwa kortini. Akapanda. Akakaa ukingoni kabisa, shingo ameigeuza nje, naye Mama ameigeuza upande wake, na kikapu kimekaa pale kati yao kama abiria wa tatu. Watoto wakacheka, "Kogo anapanda na Baba," maana bibi yao humwita Kogo, nikawanyamazisha huku nami nacheka.

Wakapanda. Nilimwona Mama amekaa wima, uso mbele, na nilijua macho yake yamefunguliwa. Ukungu ukawakuta wakiwa karibu kufika kileleni. Kwanza ukameza vile viti vya juu, halafu kila kitu, na gurudumu likasimama ili watu wa chini washushwe. Nilisimama pale nimeshika mikono ya watoto, natazama juu, sioni mtu. Hakuna sauti iliyoshuka. Nikawaza zile pesa zote, kumbe nimenunua weupe mtupu.

Waliposhuka hakuna aliyemtazama mwenzake. Mume wangu alishika jaketi zake akaenda kuwasha gari. Mama alikuwa na machozi, na mimi nikaanza kumwomba radhi, nikasema Mama pole, hukuona kitu tena.

Alinishika mkono. "Nilifungua macho," akasema. "Tukipanda niliona kijani, kingi, kimelala chini. Halafu kikaondoka chote mara moja. Nikajua ndiyo imefika, yamezimika, tena yamezimikia huko juu, kwenye chuma, na mimi nimekaa na mtu nisiyeweza hata kumshika. Nilitaka kupiga kelele." Akajifuta machozi. "Akageuka. Akanitazama usoni huyo mtu wako. Akaniambia, Mama, ni ukungu. Hata mimi sioni."

Nilimwuliza mume wangu baadaye kwa nini alivunja mwiko. Akasema aliona mikono yake inapapasa kile kikapu, akajua anafikiria nini. Hata hivyo kile kioo cha gari kilibaki kimeangalia dari mpaka Kiptere.

Mwaka uliofuata bei ilipanda tena, na ile nafuu ya familia wakaiondoa. Jirani mmoja alinifuata kuniuliza kama kuna haja ya kupeleka watoto, kwamba nimekwenda mara nyingi nimshauri. Nikamwambia ukweli wangu. Zile mashine haziko na thamani ya pesa yao, na wanaoziendesha wanalijua hilo. Kama ana shamba, ana watoto na ana bomba la maji, amwage maji wacheze. Lakini nikamwambia pia siijutii hata shilingi moja, na jirani akaondoka akiwa hajui nimemshauri nini.

Hatukuenda. Mama alisema ameshapanda, inatosha, pesa hiyo inunue mbolea. Siku hizi tukimtembelea, asubuhi hutoka mpaka kwenye mlango wa jikoni, anashika mwimo, anageuza uso upande wa majani. Mume wangu huwa yuko kule chini mistari michache ndani ya shamba, amempa mgongo, anajifanya anakagua machipukizi. Mama haiti jina la mtu. Anauliza tu hewani, "Leo kuna ukungu?"

Na yule anajibu bila kugeuka, "Upo, Mama. Mwingi." Kwetu mara nyingi upo kweli.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nachemsha chai. Kulikuwa kumekucha vizuri, jua limeangaza majani mpaka chini mtoni, unaweza kuhesabu miti ya jirani. Nikamsikia Mama mlangoni anauliza, kama kawaida, kama leo kuna ukungu. Nikaacha kukoroga. Nilitamani mume wangu adanganye.

"Hapana, Mama," akasema. "Leo kuna jua."

Mama aliuachia mwimo. "Basi ni mimi," akasema, kisha akaniambia nimpelekee baba watoto chai akiwa huko huko shambani, isipoe.