Debe Lililofutwa Kilele

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, iliyonukia nyama ya kuchoma kuanzia kiwanjani kwetu Kibara mpaka ziwani. Hata waliokuwa wanaanua dagaa waliwaachia kunguru, wakafuata harufu. Mimi nilikuwa mkamwana mgeni, sijamaliza hata mwaka nyumbani kwa mume wangu, na siku hiyo niliimba mpaka sauti ikakauka. Wimbo huo ndio uliotutia matatani. Kaa nikueleze, na hiyo simu ilaze kifudifudi kwanza.

Sisimulii kwa kupenda hadithi. Mjukuu wangu Magesa, anayekaa Bweri pale Musoma, alikuja juzi na wenzake, nyuso zimewashuka. Timu yao inakufa. Msimu mzima wanafungwa, kwenda kucheza Butiama wanabebana kwenye bodaboda kama magunia, na sasa amejitokeza mtu mwenye fedha anayetaka kuichukua yote: jina, rangi, mpaka kiwanja. Nusu ya wanachama wanasema apewe. Nusu wanasema bora ife. Basi wakanitazama mimi. Shule niliiacha darasa la tatu, katiba ya timu siwezi kuwasomea. Lakini jambo hili nalijua, maana mimi niliwahi kuigawa timu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Timu yetu iliitwa Kamongo. Unamjua kamongo, samaki yule ambaye maji yakikauka anajifukia kwenye tope, analala humo, mvua ikirudi na yeye anarudi. Jina lilitufaa. Tulikuwaga tunafungwa, tunajifukia, Jumamosi inayofuata tunatoka tena. Mume wangu alikuwa golikipa. Nasema kweli, mikono yake ilifaa nyavu za samaki kuliko mpira, Mungu amrehemu. Lakini akidaka hata mmoja, kiwanja kizima kinanigeukia kana kwamba nimedaka mimi.

Jumamosi ile ya nyama akaja Bwana Masatu kutoka Bunda, mwenye malori ya pamba. Alileta jezi mpya, alileta mpira wa ngozi, na nyuma yake likaja dume jeusi la ng'ombe, limenona mpaka linatembea kama bibi harusi. Mzee Majura, mwenyekiti wa timu na baba mdogo wa mume wangu, hakuuliza swali. Alinoa kisu. Watu tulikuwa na njaa ya kushinda na njaa ya nyama, na mtu mwenye njaa mbili hana sikio hata moja.

Tukala. Tulipokuwa tunakula nikaanzisha wimbo, na kinamama wote wakanipokea:

"Masatu baba, Kamongo ni wako, mbebe mgongoni!"

Nilikuwa najiona, mwanangu. Nilizunguka kiwanja nikicheza, nikamfunga yule bwana kitenge changu shingoni, vigelegele vikapaa. Akasimama, akajifuta mafuta mdomoni, akanyoosha mkono tunyamaze.

"Nimeusikia wimbo," akasema. "Mke wa golikipa amenipa timu mbele yenu nyote, na mimi nimeipokea. Baada ya mavuno timu yangu itahamia Bunda, kwenye yadi yangu. Itaitwa Masatu. Kila mwenye jezi afungashe."

Nyama ilitugomea mdomoni. Mzee Majura alikuwa ameshika ubavu, akaurudisha kwenye majani pole pole kama mtu aliyekamatwa. Hakuna aliyebisha, na ujue kwa nini. Kwetu, mtu akileta dume mbele za watu mkalila, mmelikubali neno lake hata kabla hajalisema. Utamkatalia vipi mtu, na mafuta yake yanakutiririka kidevuni?

Nilirudi nyumbani nalia. Timu ikienda Bunda, mume wangu anakwenda nayo, na mimi nabaki na shamba la muhogo. Na Jumamosi za Kibara je? Sisi hatukuwa na sinema, hatukuwa na umeme. Tulikuwa na ziwa, kanisa na Kamongo. Mume wangu hakunisaidia. "Bunda kuna taa," akasema, akijaribu jezi mpya. Mama mkwe wangu, Nyangeta, alikuwa anamenya muhogo. Huyo mama alikuwa mfupi, mkali, na anatazama watu kama anayechagua mbegu.

"Unalia nini, mkamwana? Si umeimba?"

"Mama, ulikuwa wimbo tu."

"Wimbo tu! Na vigelegele vya harusi yako vilikuwa vigelegele tu?" Kisu hakikusimama. "Neno likisemwa mbele za watu lina miguu, linatembea. Sasa nijibu. Ng'ombe wa mahari yako walikwenda kwa baba yako, watu wote wanaona. Siku mwanangu akikushinda ukarudi kwenu, baba yako atafanya nini?"

"Atarudisha ng'ombe."

"Basi. Nyama tuliyoila hairudi. Dume linarudi." Akanitupia muhogo. "Menya. Machozi hayaivishi ugali."

Kesho yake, baada ya ibada, watu wakakaa kiwanjani. Mama mkwe akamnong'oneza Mzee Majura habari ya dume, na mzee akaichukua kama yake, wanaume ndivyo walivyokuwaga. Akasimama, kifua mbele.

"Jamani, kazi imekwisha. Ninalo dume zizini kwangu, ni kubwa kuliko lile. Natoa mimi! Kesho tunamrudishia Masatu dume lake, na Kamongo inabaki nyumbani."

Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mimi nilipiga kuliko wote. Ndipo Nyangeta akasimama, na siku zile mwanamke kusimama kwenye kikao cha mpira ilikuwa kama kuku kuwika.

"Shemeji, kaa chini na dume lako."

"Kwa nini, shemeji? Natoa kwa moyo mweupe."

"Najua ni mweupe, na ndio unaonitisha. Tukilirudisha dume la Masatu kwa dume lako, timu itakuwa ya nani? Mwakani ukitaka mwanao acheze mbele, nani atakukatalia?"

Kiwanja kikalipuka kicheko. Mtoto wa Mzee Majura kila mtu alimjua. Akipiga mpira, mpira unabaki na kiatu kinaondoka.

"Mwanangu amebadilika siku hizi," mzee akajitetea.

"Amebadilisha kiatu," mtu akasema nyuma, na hapo hata mzee mwenyewe akacheka.

Kicheko kilipotulia, Nyangeta akaomba debe. Akaletewa debe la bati, lile la kupimia mahindi. Akaliweka katikati ya kiwanja.

"Kila nyumba italeta debe moja. Dagaa, mtama, muhogo mkavu, chochote. Lijae mpaka mdomoni, lisipite mdomo. Tutauza, tutanunua dume, na dume hilo halitakuwa na mwenyewe. Litakuwa letu, debe moja kura moja. Asiye na debe aseme, tusikie. Mwenye madebe kumi alete moja, tisa akalale nayo."

Mwanangu, wiki ile Kibara ilichangamka kama siku ya harusi. Watu ambao hawajawahi hata kusogea kiwanjani walitokea na madebe kichwani. Mama mkwe alikaa pale kona ya kibendera, kila debe likitua analipitishia mkono wake, fyuu, kilele kinaanguka kwenye mkeka. Halafu anamrudishia mtu kilele chake. Mzee Majura alileta mtama umesimama kama kichuguu. Fyuu. "Shemeji, kilele chako kalishe kuku." Mzee akaondoka ananung'unika, lakini nilimwona anatabasamu.

Akaja mjane mmoja, Nyamisi, debe lake limefika nusu. Alisimama mbali, anaona haya. Mtu mmoja akataka kumjazia, mama mkwe akamzuia. "Ukimjazia, nusu ya kura yake utaichukua wewe. Nyamisi, hiyo nusu nyingine utaijaza na nini?" Nyamisi akafikiri. "Na maji," akasema. "Kila Jumamosi nitawachotea wachezaji maji ya kunywa." Mama mkwe akapitisha mkono juu ya lile debe la nusu, hewani tu, akilifuta kilele kama mengine. "Limejaa. Anayefuata."

Sijasahau uso wa Nyamisi alivyoondoka pale. Alitembea kama mwenye timu, kwa sababu alikuwa mwenye timu.

Tukapakia mzigo kwenda Bunda. Na gari lenyewe, cheka tu, lilikuwa lori la Masatu, maana halikuwepo lingine. Utingo akatuuliza tunapeleka wapi chakula chote hicho. "Kwa tajiri wako," tukamjibu, "anadai." Tukauza, tukaenda mnadani, tukachagua dume jekundu lenye nundu kama kilima. Tukaliswaga kupita mjini, wanaume mbele, kinamama nyuma, na mama mkwe akanisukuma mgongoni.

"Aliyeimba kutoa, aimbe kurudisha."

Nikaimba. Mwanzo sauti ilitetemeka, kisha ikafunguka:

"Masatu baba, dume limerudi, Kamongo karudi majini!"

Bwana Masatu alitoka yadini na singlendi, povu la kunyolea bado liko shavu moja. Alilitazama dume, akatutazama sisi, akalitazama dume tena.

"Hili la nani?" akauliza.

"La Kibara," akajibu Nyangeta. "Asante kwa lile la kwanza. Lilikuwa tamu, hatulitukani. Jezi hizi hapa, mpira huu hapa."

Nilidhani atafoka. Akaanza kuhesabu vichwa vyetu kwa macho, mpaka kwa Nyamisi aliyesimama pembeni na ndoo yake. Halafu akacheka, kicheko kikubwa kilichomrushia povu kifuani.

"Mama, nimenunua pamba ya wilaya nzima na sijawahi kurudishiwa mzigo kwa wimbo! Sasa nisaidie. Mimi naipenda kweli hii timu. Nifanyeje?"

"Lete debe," akasema mama mkwe.

Jumamosi iliyofuata tukacheza na timu kutoka Butiama, kwa jezi zetu za zamani zenye viraka. Kabla ya mpira kuanza lori likasimama, Bwana Masatu akashuka, utingo nyuma yake na gunia zima la mchele. Mama mkwe akamwonyesha debe. Likajazwa, mchele ukasimama juu kama mlima. Fyuu. Nyangeta akakusanya kile kilele, akakimimina kwenye kofia ya yule tajiri. "Hiki kawapikie watoto." Na gunia likarudi garini.

Unataka kujua matokeo? Tulifungwa. Mume wangu aliachia magoli mawili yaliyopita katikati ya miguu yake kama vifaranga. Lakini mwishoni tukapata moja, na nani alifunga? Mtoto wa Mzee Majura! Kiatu kiliruka upande wake, mpira kwa mara ya kwanza ukaruka upande wake, ukaingia. Tuliingia wote uwanjani. Nyamisi alimwagia watu maji. Bwana Masatu alikuwa chini kwenye majani kati ya wavuvi, anamfokea refa mpaka mishipa inasimama: "Refa! Unaionea timu yetu!" Timu yetu. Mama mkwe alinigusa kwa kiwiko. "Umesikia?" Ile siku tulifungwa tukacheza ngoma mpaka waliotufunga wakaja kuuliza kama wamehesabu vibaya.

Bwana Masatu alibaki mwanachama miaka mingi, sauti moja kama sauti ya Nyamisi. Jezi mpya tulizipokea baadaye, baada ya kukaa na kuulizana zinakuja na neno gani. Kamongo ilishinda siku nyingine, ikafungwa nyingine, ikajifukia, ikatoka. Haikuhama.

Sasa sikia, mwanangu, uwapelekee Magesa na wenzake wa Bweri maneno haya. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo huyo mwenye fedha msimtukane wala msimfukuze. Mkaribisheni, mpeni kiti. Ila muulizeni neno lake nyama ikiwa bado mbichi. Mkishaila mtajibu kwa kubeua tu. Hisa, asilimia, mwekezaji, hayo maneno yenu ya siku hizi siyaogopi. Yaleteni kwenye debe, mtaona yapi yana kilele. Na msimwogope tajiri wa Bunda peke yake. Mwogopeni pia mzee wenu wa nyumbani mwenye moyo mweupe, maana naye ana mtoto asiyejua kupiga mpira.

Na nyie mnaolia timu inauzwa, nawauliza bila kupepesa macho: debe lenu liko wapi? Magesa ameniambia wanachama wa kadi hawazidi mabenchi ya kanisa dogo, na washangiliaji wanajaza kiwanja. Timu unayoishangilia bila kuichangia ina mwenyewe tayari, hajajitokeza tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Asiye na fedha achote maji, achore mistari ya kiwanja, afue jezi. Lakini kila mmoja awe na debe lake, na pawe na mkono wa kulifuta.

Niandikeni na mimi. Uanachama mmoja, si miwili. Debe langu la dagaa liko mlangoni, nimeshalifuta kilele. Magesa aje alichukue kabla kuku hawajaligundua.

Mungu awape pumzi ya kukimbia na masikio ya kusikia. Mkifungwa mfungwe pamoja, mkishinda asiwepo wa kusema nimeshinda mimi. Na mkono ule wa Nyangeta, uliopita juu ya debe la tajiri na la mjane bila kutetemeka, upite na kwenu. Nendeni mkacheze.