Mke wa Truphosa Chepkemei

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba nyanya yangu alikuwa na mke, hucheka kwanza, kisha ndipo huuliza. Mimi huwaacha wacheke. Wakimaliza huwaambia kwamba mke huyo ndiye aliyenizaa, na kama hawana adabu ya kusikiliza, basi wanywe chai yao waende.

Nyanya huyo tulimwita Kogo, kama watoto wengine wa Kipsigis wanavyowaita nyanya zao. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chepkemei. Aliishi Kuresoi, kwenye shamba la mzungu, enzi zile ambazo nchi yote kutoka Molo hadi ukingoni mwa msitu ilikuwa ya wazungu, na sisi tulikaa humo kwa ruhusa ya kazi. Alichuma pareto kabla umande haujakauka, na jioni alirudi mgongo umekataa kunyooka. Mumewe, arap Kosgei, alifariki wakati wa vita vya Hitler, akamwachia ng'ombe na boma lisilo na mtoto.

Kwetu, nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi izimike hivi hivi. Mjane kama huyo huruhusiwa kuoa. Hutoa mahari kwa wazazi wa msichana, wazee hukaa, nyasi hufungwa mikononi mwa bibi arusi na mwenye kumwoa, na tangu siku hiyo mjane huhesabiwa kuwa mume. Si mambo ya kitandani, maana najua mnachowaza. Ni mambo ya nyumba. Watoto watakaozaliwa ni wa marehemu, wanarithi ng'ombe wake na kuitwa kwa jina lake, na mwanamume aliyewazaa hana neno. Ndivyo Kogo alivyomwoa mama yangu, Tabutany. Akazaliwa kaka yangu Kipkemboi, nikafuata mimi, kisha mdogo wetu mmoja. Tulikula chungu kimoja na hatukujua kwamba kuna mtu duniani anayeweza kutuona wa ajabu.

Kisha Kogo akampenda Yesu. Sisemi kwa kejeli. Kulikuwa na kanisa dogo la mabati karibu na duka la shamba, na mzee wa kanisa aliitwa Micah, mtu mpole ambaye hata mbwa wake hakuwapigia kelele. Kogo alianza kwenda kwa sababu ya nyimbo. Akabaki kwa sababu ya habari ya ufufuo, maana alikuwa amezika wengi. Alihudhuria darasa la ubatizo hadi mwisho, akaulizwa maswali yote, akajibu. Swali la mwisho ndilo lililomkwama kooni.

"Mama," Micah alimwambia, "kanisa haiwezi kubatiza mtu yuko na bibi, na yeye mwenyewe ni mwanamke. Hiyo ni mambo ya giza. Lazima useme mbele ya watu kwamba huna."

Kogo hakumwuliza mtu yeyote. Hakumwuliza hata mama yangu. Wanawake waliokuwa darasani naye walikuwa wameambiwa wavue shanga na mapambo ya masikio, nao wakavua, na hakuna aliyepoteza kitu isipokuwa shanga. Akadhani hili nalo ni la kuvua. Jumapili hiyo akasimama mbele ya kanisa zima akasema, "Mimi sina mke. Tabutany ni mtu wa kunisaidia kazi." Wakamwimbia, wakambatiza, wakampa jina Truphosa. Alirudi nyumbani uso unang'aa, akamkuta mama yangu amempikia kimyet, ugali wetu, na mboga, wakala pamoja kama kawaida. Kwake yeye neno la kanisani lilikaa kanisani.

Ulimi huponza kichwa. Arap Kosgei alikuwa na ndugu, Kiptanui, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la jirani. Siku zote alikuwa akiwatazama ng'ombe wetu kwa jicho la mtu anayengoja mvua. Habari za kanisani zilimfikia kabla ya juma kwisha, na asubuhi moja akaja na wanaume wawili na fimbo.

"Shemeji," alisema akiwa nje ya boma, wala hakuomba kuketi, "wewe mwenyewe umesema huna bibi. Kama huna bibi, hawa watoto si wa ndugu yangu. Nyumba ya ndugu yangu imekwisha, na ng'ombe inarudi kwangu. Huyu msichana arudi kwa baba yake na watoto wake."

Mama yangu alisimama kwenye mlango wa boma, mtoto mgongoni, akashika nguzo zote mbili. Nilikuwa nyuma yake, na nakumbuka nilivyomshika sketi. Kogo ndiye aliyepiga kelele mpaka nyapara akaja, na nyapara, ambaye hakutaka fujo shambani kwa bwana wake, akamwambia Kiptanui aende kortini kama ana kesi. Kiptanui akatabasamu akaenda. Baada ya siku chache Kogo akaitwa mbele ya korti ya Waafrika.

Hapo ndipo kila mwenye mdomo alipopata la kusema. Wazee wa ukoo walimwambia hiyo ni kesi ya nyumbani, wakili wa nini. Wanawake wa kanisani walimshauri aseme vilevile alivyosema siku ya ubatizo, Mungu atampigania. Nilipokuwa mkubwa nilijifunza kwamba watu wenye ushauri mwingi kuliko wote ni wale ambao hawatanyang'anywa kitu. Mmoja tu ndiye aliyempa neno la maana, naye hakuwa wa kabila letu. Aliitwa Akoth, mke wa dereva wa lori la maziwa. Kwao alikuwa amemwona kaka yake akipoteza shamba la baba yao kwa sababu alikubali mpaka usogezwe kwanza, akaenda kuuliza baadaye.

"Mama Chepkemei," Akoth alisema, "usifungue mdomo tena kabla hujauliza mtu wa sheria. Ulishafungua mara moja, ukaona. Twende Nakuru."

Miaka ile ya hali ya hatari, kutoka shambani bila cheti cha mwenye shamba kulikuwa ni kujitafutia jela. Kogo aliomba cheti, akapewa kwa manung'uniko, wakapanda lori katikati ya mikebe ya maziwa. Akoth alikuwa na dada yake mtaa wa Bondeni, wakalala huko. Asubuhi walikwenda kwa wakili mmoja Mhindi, Bwana Trivedi, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa. Akoth alinisimulia habari za benchi la nje mara nyingi. Kulikuwa na mzee ambaye ng'ombe wake walikula mahindi ya mtu. Kulikuwa na mwanamke aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga na vyombo vyake kutupwa mvuani, na ndugu wawili wanaogombania urithi ambao hawakutazamana hata mara moja. Kila mmoja, alisema Akoth, alikuwa na uso wa mtu aliyechelewa.

Bwana Trivedi alimsikiliza Kogo mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine aliyekuwa amelifanya tangu kesi ianze.

"Mama," alisema, "mimi hapana weza simama na wewe katika korti ya Waafrika. Sheria nakataza wakili huko. Lakini mimi naweza ambia wewe kitu gani watauliza. Ile siku ya kuoa, nani alifunga hii nyasi? Iko hai?"

Kogo akasema yuko, mama mmoja mzee sana, anakaa upande wa Sotik.

"Leta yeye. Leta na watu walipeleka ng'ombe ya mahari. Korti nauliza desturi yenu, hapana uliza kanisa. Huko kwenu, nyasi ikifungwa, nani nafungua?"

"Hakuna," Kogo akasema. "Ikishafungwa, haifunguliwi."

"Basi kesi yako iko hapo. Lakini sikia vizuri. Wao watauliza kama ulisema ile maneno kanisani. Usikatae, kwa sababu mzee wa kanisa atakuja kusema. Kisha watauliza leo iko bibi ama hapana iko. Ukisema hapana, kesi imekwisha, na hata mimi hapana weza saidia." Akaweka kalamu chini. "Ukisema iko, kanisa yako itafanya nini, mimi sijui. Hiyo hapana kazi yangu. Kwa nini wewe hapana kuja kabla ya kusema kule?"

"Sikujua kanisani kuna kesi," Kogo alijibu.

Akoth anasema wakili hakucheka. Alisema kwamba mahali popote watu wanaposimama kusikiliza neno lako, neno hilo linaweza kurudi siku moja na kukushika mkono. Na kwamba wakili huulizwa kabla ya kusema, kabla ya kutia kidole gumba, kabla ya kupokea mnyama wa mapatano, kwa sababu baadaye kazi yake huwa ni kuokota vigae. Kogo alimlipa kwa pesa za pareto, akarudi Kuresoi.

Siku zile za kungoja kesi hakula vizuri. Usiku tulimsikia akisali kwa sauti ndogo. Mshika mawili moja humponyoka, na yeye alijua kabisa mawili yake ni yapi: sisi, na meza ya Bwana ambayo alikuwa ameionja muda mfupi tu. Sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa rahisi kuchagua watoto. Kogo aliamini kwa moyo wote kwamba nje ya kanisa lile kuna moto. Mtu anayeamini hivyo hachagui kirahisi.

Tulikwenda kortini sote. Wazee waliketi nyuma ya meza ndefu, na karani pembeni. Kiptanui alisema yake vizuri, alikuwa na ulimi. Kisha akamwita Micah. Micah alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili, akasema ukweli alioujua, kwamba mama huyu alisema mbele ya kanisa hana mke. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Alipomaliza alimtazama Kogo, kisha akatazama chini.

Akaletwa yule mama mzee wa Sotik, ameshikwa huku na huku. Akasema, "Mimi ndiye nilifunga hiyo nyasi kwa mikono yangu. Kama kuna mtu alifungua, anionyeshe." Watu wakacheka kidogo, na mkubwa wa korti akawanyamazisha. Kisha akamgeukia Kogo.

"Truphosa Chepkemei. Ulisema hayo maneno kanisani?"

"Nilisema."

"Na leo unasema nini? Uko na bibi ama huna?"

Kogo alikuwa amesimama. Nilimwona akigeuka kumtafuta Micah kwa macho, akampata, akamtazama yeye anapojibu, kana kwamba korti yote ilikuwa ni yeye peke yake. "Kanisani nilisema uongo," alisema. "Ninaye mke. Ni Tabutany, yule pale. Wale ni watoto wa nyumba yangu."

Tulishinda. Korti ikasema nyasi haijafunguliwa, nyumba ya arap Kosgei ipo, na Kiptanui asiguse ng'ombe. Alitoka bila kuaga. Mama yangu alilia kwa sauti pale pale uani, nasi tukalia kwa kumwona analia. Kogo hakulia. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyempa chakula yule mama wa Sotik.

Jumapili iliyofuata akaondolewa katika meza ya Bwana. Alitangazwa mbele ya wale wale waliomwimbia, na aliyetangaza ni Micah, sauti ikimkatika. Kuanzia hapo Kogo aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango, pamoja na walevi na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, mkate ukapita mbele yake bila kusimama. Hakukosa Jumapili hata moja. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo sijaimaliza hadi leo. Yeye hakukasirika. Alisema alidanganya katika nyumba ya Mungu na lazima adhabu iwepo. Nilipomwambia kwamba adhabu haikuwa ya uongo ule bali ya ukweli aliosema baadaye, alininyamazisha kwa ukali.

Mwaka wa 1959 mapafu yakamshinda. Baridi ya Kuresoi haina huruma kwa kifua kibovu. Alipofika mahali pa kutoinuka tena, Micah akaja, ameleta mkate na kikombe, amevifunika kwa kitambaa cheupe. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nimeomba ruhusa, wamenipatia," alisema. "Korti iliisha zamani. Ng'ombe hakuna mtu atachukua. Sema tu mbele yangu na Mungu kwamba umeachana na Tabutany, nikupe. Neno moja tu, mama. Hakuna mtu mwingine atajua."

Sote tulikuwa humo ndani. Kipkemboi alikuwa kijana mkubwa sasa, mimi nilikuwa nimeanza kuvunja ungo, na mama yangu alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, akimsugua Kogo nyayo ili zipate joto. Mama ndiye aliyesema, "Sema, Kogo. Mimi sitaumia. Sema upate." Alikuwa akilia.

Kogo alikitazama kile kitambaa cheupe kwa muda mrefu. Nadhani sijawahi kumwona mtu akitamani kitu namna ile. Kisha akasema, "Tabutany, mpe mgeni maziwa."

Micah alikunywa maziwa, akabeba vyake akaenda. Kogo alifariki siku ya tatu. Kanisani hawakumtaja, na Kipkemboi ndiye aliyemzika, kama mtoto wa kiume anavyomzika baba. Tuliporudi kutoka kaburini, mama yangu aliomba wembe, akaketi chini mlangoni, akanyoa nywele zake zote, kama anavyonyoa mwanamke aliyefiwa na mume.