Ukucha wa Mtoto Mpole

Kwenye chumba chetu cha dharura kuna muuguzi tuliyemwita Mama Kucha, kwa sababu hapiti mbele ya mtoto bila kumbonyeza ukucha. Anabonyeza hadi uwe mweupe, anaachia, anahesabu. Wekundu ukirudi kabla ya tatu, damu inatembea. Ukichelewa na mikono ni ya baridi, basi mwili umeanza kuishiwa nguvu, na hapo hangoji daktari. Mimi muuguzi mwenzake ndiye niliyemtania zaidi: "Wewe ulistahili kufungua saluni." Kwa miaka kumi na tisa hakumruka hata mtoto mmoja.

Asubuhi ile alimruka mmoja. Mdogo wake wa kike alikuja na mwanawe wa miaka miwili, aliyekuwa akiharisha tangu jana yake. Mama Kucha anaogopa mno maneno ya watu. Asije akaambiwa anapitisha ndugu mlango wa nyuma, aliwaambia, "Kaeni kule mwisho wa benchi, mngoje zamu." Hata kumgusa hakumgusa. Watoto wengine walikuwa wanalia hadi masikio yanauma. Huyu alilala begani kimya, na mimi, na macho yangu mawili, nikamsifu: "Huyu ndiye mwenye adabu."

Zamu yao ilifika baada ya nusu saa. Mama Kucha akashika kidole, akabonyeza, akaachia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Ukucha bado ni mweupe.

Tulimkimbiza kitandani, akawekewa oksijeni. Mishipa ilikuwa imenywea, hatukupata hata mmoja, ikabidi daktari achome sindano ya mfupani, chini ya goti. Mama Kucha mwenyewe ndiye aliyesukuma maji, bomba la sindano baada ya bomba, machozi yakimdondokea mikononi. Nusu saa nzima nilikuwa hatua tatu kutoka kwa mtoto anayekufa, nikimsifia adabu.

Bomba la sita, mtoto akakunja uso na kuanza kulia. Mama yake, kwa mazoea, akanyoosha mkono kumnyamazisha. "Shii, baba. Utamwaibisha mama mkubwa kazini kwake."

Mama Kucha akaudaka ule mkono. "Mwache alie, mdogo wangu."

Siku hizi na mimi nabonyeza kucha. Naanza na wale wapole.